Cherokee si jina la gari

Kwa wengi wetu Cherokee ni gari. Tunalijua Jeep Cherokee, tunamjua na mkubwa wake Grand Cherokee, na tumeyaona yakipita Dar es Salaam na Nairobi. Jina hilo lilianza kubandikwa kwenye magari mwaka 1974. Mwaka 2021 Chuck Hoskin Jr., Chifu Mkuu wa Taifa la Cherokee, alisema hadharani kwamba wakati umefika wa kuliondoa, kwa sababu kuandika jina la watu ubavuni mwa gari hakuwapi heshima watu hao. Mkuu wa kampuni mama wakati huo, Carlos Tavares, alijibu kwamba yuko tayari kuzungumza. Gari likaacha kuundwa mwaka 2023, kisha toleo jipya la 2026 likatangazwa na jina lilelile.

Kila habari hii inapojadiliwa, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: kumbe hao watu bado wapo?

Wapo, na ni wengi kuliko wakati wowote tangu waanze kuandikishwa. Swali lenyewe linaonyesha tulipopotelea. Tumezoea kuwatazama Wacherokee kama watu wa kale waliokwisha pamoja na farasi wao kwenye filamu, hivyo tukiambiwa wameichangia Marekani ya leo tunatafuta mchango huo kwenye manyoya na ngoma. Tungeutafuta mahakamani, benki kuu, kwenye simu ya mkononi, hospitalini na hata kwenye sarafu ya senti 25, tungeuona. Ila kwanza tufungue fundo moja: kuwa Mcherokee ni uraia.

Maneno yenyewe

Cherokee hutamkwa "cheroki". Wenyewe kwa lugha yao hujiita Tsalagi. Vitabu vyetu vya zamani vya Kiswahili viliwaita wao na jirani zao wote "Wahindi Wekundu", jina lililotokana na kosa la Columbus aliyedhani amefika upande wa India. Kosa hilo limebaki katika sheria na majina rasmi ya Marekani mpaka leo, lakini kwa Kiswahili hatulazimiki kulirithi. Nitasema wenyeji wa asili, na pale inapowezekana nitawaita kwa jina lao, kwa maana Mcherokee na Mnavajo wanatofautiana kama Mchaga anavyotofautiana na Msomali.

Neno linalotuchanganya zaidi ni "kabila". Kwetu kabila ni watu wenye lugha na mila moja, na halina bunge wala polisi. Kwa sheria ya Marekani, kabila linalotambuliwa na serikali ya shirikisho ni serikali kamili, na yako zaidi ya 570. Mtanzania anaweza kulielewa hili upesi kuliko hata Wamarekani wengi, kwa sababu anaijua Zanzibar. Zanzibar ina rais wake, Baraza lake la Wawakilishi, mahakama zake na bendera yake, na bado Mzanzibari ni Mtanzania. Taifa la Cherokee nalo lina katiba, Chifu Mkuu anayechaguliwa kwa kura, baraza la wajumbe 17, Mahakama ya Juu, polisi, na hata namba zake za magari. Makao makuu yako Tahlequah, mji mdogo kaskazini mashariki mwa jimbo la Oklahoma. Eneo lake lina takriban kilomita za mraba 18,000, yaani linauzidi mkoa wa Kilimanjaro, na ndani yake wanaishi pia watu wengi wasio Wacherokee. Raia wake hupiga kura Tahlequah na hupiga kura ya kumchagua rais wa Marekani.

Mfano huu una mahali unapokomea. Zanzibar iliingia Muungano kwa hati iliyosainiwa na marais wawili mwaka 1964. Wacherokee walifikishwa Oklahoma kwa mtutu wa bunduki, na Bunge la Marekani bado lina mamlaka juu yao ambayo wao hawakuyaomba.

Kuna jingine: serikali za Wacherokee zinazotambuliwa ni tatu. Mbili ziko Tahlequah, nazo ni Taifa la Cherokee lenye raia zaidi ya 450,000 na kundi dogo la United Keetoowah Band. Ya tatu, Eastern Band, iko kwenye milima ya North Carolina. Tutaona punde kwa nini hawa wa mashariki walibaki nyuma.

Bibi binti mfalme

Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2020, zaidi ya watu milioni 1.5 walijiandika kuwa na asili ya Kicherokee. Jumlisha raia wa serikali zote tatu, unapata kama nusu milioni tu. Hao wengine ni nani?

Wengine wana babu Mcherokee kweli, ila hawakuwahi kuandikishwa. Lakini wengi wanashika hadithi ya nyumbani, na hadithi hiyo inafanana ajabu kutoka familia moja hadi nyingine: bibi mzaa bibi alikuwa binti wa mfalme wa Kicherokee. Wacherokee hawakuwa na mfalme. Walikuwa na koo saba, na mtoto alifuata ukoo wa mama, kama ilivyo kwa Waluguru au Wamakonde. Vijiji vilijiamulia mambo katika baraza, na wanawake walikuwa na sauti katika mabaraza hayo. Naona hadithi ya binti mfalme ilipendwa kwa sababu inampa mjukuu wa mlowezi kitu ambacho hati ya shamba haiwezi kumpa, nacho ni haki ya kizamani juu ya ardhi. Ilikuwa rahisi zaidi kuisimulia baada ya wenye ardhi kuondolewa.

Mwaka 2018 seneta Elizabeth Warren alitangaza matokeo ya kipimo cha vinasaba ili kuthibitisha simulizi ya namna hiyo ya familia yake. Taifa la Cherokee lilimjibu kwamba kipimo hicho hakimfanyi mtu awe raia, na baadaye akaomba radhi. Jambo lenyewe si gumu kwetu. Mtu anaweza kuwa na bibi Mganda na asiwe raia wa Uganda. Uraia wa Taifa la Cherokee unapatikana kwa kuonyesha kwamba mzazi wako, babu yako au mtu aliye juu yao aliandikwa katika Orodha ya Dawes, daftari lililoandikwa na tume ya serikali ya Marekani kuanzia mwaka 1898 hadi 1906. Hawakuulizi una damu kiasi gani. Eastern Band wao wanataka angalau sehemu moja ya kumi na sita, na Keetoowah robo. Kila serikali na sheria yake ya uraia, kama nchi nyingine zozote.

Njia ya Machozi, na kesi iliyobaki

Nyumbani kwao kwa asili ni kusini mwa milima ya Appalachia, katika nchi ambayo sasa ni Georgia, Tennessee, North Carolina na Alabama. Hata jina Tennessee limetokana na kijiji chao, Tanasi. Hawakuishi kwenye mahema ya ngozi. Walijenga nyumba za miti na udongo, aina ambayo mtu wa pwani yetu angeitambua akiwa mbali, wakalima mahindi, maharage na maboga katika shamba moja. Mwaka 1827 waliandika katiba yenye mihimili mitatu ya serikali. Muda si mrefu dhahabu ikaonekana Georgia, na jimbo likaanza kufuta sheria zao na kugawa ardhi yao kwa bahati nasibu.

Wacherokee walienda mahakamani. Mwaka 1831 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wao si nchi ya kigeni, ni mataifa tegemezi yaliyomo ndani ya Marekani. Mwaka 1832, katika kesi ya mmisionari Samuel Worcester, ilisema sheria za Georgia hazina nguvu ndani ya ardhi ya Wacherokee. Walishinda, lakini ushindi ulibaki kwenye karatasi. Rais Andrew Jackson alikuwa amekwisha saini sheria ya kuwahamisha mwaka 1830, na hakuwa na nia ya kuisimamia hukumu hiyo. Kikundi kidogo kisicho na idhini ya serikali yao kilisaini mkataba wa kuuza nchi mwaka 1835. Chifu Mkuu John Ross alipinga, na maelfu ya watu wake wakasaini ombi la kuukataa. Mwaka 1838 askari wakaja. Watu wapatao 16,000 walisukumwa magharibi, wengi kwa miguu na katikati ya baridi kali, na inakadiriwa 4,000 walikufa, akiwemo Quatie, mke wa Ross. Njia hiyo inaitwa Njia ya Machozi. Waliojificha milimani, na wachache walioruhusiwa kubaki, ndio wazazi wa Eastern Band.

Sababu ya kukumbusha haya ni zile kesi mbili. Hazikuwaokoa Wacherokee wa 1838, lakini ndizo msingi ambao sheria yote ya wenyeji wa asili imejengwa juu yake. Wamarekani wanapobishana leo kama jimbo linaweza kulitoza kodi kabila au kumshitaki mtu kwenye ardhi yake, mawakili huanza na hukumu ya 1832. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ardhi ya taifa jirani, la Wamuscogee, haikuwahi kufutwa kisheria Oklahoma ilipoundwa, na mwaka uliofuata mahakama ya Oklahoma ikakubali kwamba ndivyo ilivyo pia kwa Wacherokee. Ramani ya mashariki ya jimbo zima ikabidi isomwe upya.

Ba, be, bi, bo, bu

Ukitaka kumwelewa Sequoyah, rudi darasa la kwanza, mwalimu akigonga ubao na darasa likiitikia: ba, be, bi, bo, bu. Sisi tunaandika kila sauti kwa herufi yake, b kisha a, lakini tunasoma kwa silabi. Sequoyah aliamua kila silabi iwe na alama moja. Neno "mama" linatutaka herufi nne. Kwa mfumo wake ni alama mbili tu, moja ileile imerudiwa: ᎹᎹ.

Alikuwa fundi wa fedha, na hakujua kusoma Kiingereza wala lugha nyingine yoyote. Alichojua ni kwamba wazungu walikuwa na karatasi zinazosema, na aliona hakuna sababu watu wake wazikose. Alihangaika kwa takriban miaka 12. Kwanza alijaribu alama moja kwa kila neno, akaona hazitakwisha, ndipo akaanza kusikiliza vipande vya maneno. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa bintiye mdogo, Ayoka. Mwaka 1821 kazi ilikuwa imekamilika: alama 86, moja ikaachwa baadaye, zikabaki 85. Umbo la baadhi yake linafanana na herufi tunazozijua, lakini sauti ni nyingine kabisa. Jina Tsalagi huandikwa ᏣᎳᎩ, na asiyejua huliona kama G, W na Y.

Mcherokee aliyekwisha kuijua lugha yake aliweza kujifunza kusoma kwa wiki chache, kwa kuwa hakuna tahajia ya kukariri: unavyotamka ndivyo unavyoandika. Serikali yao iliukubali mfumo huo rasmi mwaka 1825. Tarehe 21 Februari 1828, katika mji wa New Echota, lilitoka gazeti la kwanza la wenyeji wa asili wa Marekani, Cherokee Phoenix, kwa Kicherokee na Kiingereza. Jina hilo bado linachapishwa. Historia ya dunia ina watu wachache mno waliobuni maandishi ya lugha nzima bila wao wenyewe kujua kusoma, na mimi simjui aliyewaletea watu wake faida kubwa kuliko huyu. Zipo hata fununu za kitaalamu kwamba habari zake zilivuka bahari. Watu wa Vai wa Liberia walipata maandishi yao ya silabi katika miaka ya 1830, na baadhi ya watafiti wanamtaja Austin Curtis, mhamiaji Mcherokee aliyeishi kwao. Wengine wanalipinga hilo na kusema Wavai walijibunia wenyewe.

Maandishi hayo yalikuja kuwa na kazi nyingine karibu karne mbili baadaye. Mwaka 1999 yaliingizwa katika Unicode, mfumo unaoziwezesha kompyuta zote kutambua herufi za lugha mbalimbali. Mwaka 2010 yakaingia kwenye iPhone, mwaka 2011 kwenye ukurasa wa kutafutia wa Google, na mwaka 2012 kwenye Windows. Kampuni hizo hazikuamka asubuhi moja zikakumbuka. Watu wa idara ya lugha ya Tahlequah walibisha hodi miaka mingi, kisha wakakaa kutafsiri maelfu ya maneno ya kompyuta, wakiunda mapya kama sisi tulivyounda tovuti na barua pepe. Walikuwa na hoja iliyo wazi: kijana asipoweza kumtumia rafiki yake ujumbe kwa lugha yake, ataizoea lugha nyingine.

Kabla ya simu hizo, Kicherokee kiliwahi kupita kwenye waya. Mwaka 1918 nchini Ufaransa, Wajerumani walikuwa wakidukiza simu za jeshi la Marekani. Askari Wacherokee wakapewa simu, wakazungumza lugha yao, na adui hakuelewa neno. Wanavajo ndio waliopata umaarufu kwa kazi hiyo katika Vita vya Pili. Wakati wa vita vile vya kwanza wenyeji wengi wa asili hawakuwa hata wametambuliwa kuwa raia wa Marekani. Sheria iliyowatambua wote ilikuja mwaka 1924.

Watu ambao majina yao hatukuambiwa

Ukisikia habari kwamba Benki Kuu ya Marekani imepandisha riba na shilingi yetu imeyumba, kumbuka kwamba benki hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1913 iliyosimamiwa katika Seneti na Robert L. Owen, Mcherokee, mmoja wa maseneta wawili wa kwanza wa Oklahoma. Mary Golda Ross, kilembwe wa Chifu John Ross yuleyule, alikuwa mwanamke wa kwanza wa wenyeji wa asili kujulikana kama mhandisi. Alifanya kazi Lockheed, katika kitengo cha siri kilichobuni ndege na vyombo vya anga, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kupiga hesabu za safari za kwenda sayari nyingine. Will Rogers, aliyezaliwa mwaka 1879 katika ardhi ya Taifa la Cherokee, alikuwa mcheza filamu na mwandishi wa safu magazetini aliyependwa sana mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1935. Tamthilia ya Lynn Riggs, Mcherokee mwingine, ndiyo iliyogeuzwa kuwa Oklahoma!, mchezo wa nyimbo wa 1943 ambao Wamarekani wanauimba mpaka leo bila kujua asili yake. Na mwigizaji Wes Studi, aliyekua akizungumza Kicherokee nyumbani, alipewa Oscar ya heshima mwaka 2019.

Wote hao ni majina makubwa, lakini mimi moyo wangu uko Bell.

Bell ni kijiji maskini cha Wacherokee, mashariki mwa Oklahoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyumba nyingi huko hazikuwa na maji ya bomba, na watu wa nje walikuwa wamekwisha kuwaandika kuwa wavivu. Mfanyakazi wa serikali ya Cherokee aitwaye Wilma Mankiller alienda kukaa nao pamoja na Charlie Soap, aliyekuja kuwa mumewe. Hawakuwapelekea mkandarasi. Waliwauliza wanataka nini, wakajibiwa maji, kisha kila familia ikapewa kipande cha mtaro cha kuchimba. Kazi ilienda kwa gadugi, neno la Kicherokee ambalo Mpare angelitafsiri papo hapo kuwa msaragambo na Mkenya kuwa harambee: watu wanakusanyika kumaliza kazi ambayo mmoja haiwezi. Walichimba zaidi ya kilomita 20, wanawake na wazee wakiwemo, na maji yakafika.

Mankiller akawa Chifu Mkuu mwaka 1985, wa kwanza mwanamke katika Taifa la Cherokee. Mwaka 1987 alisimama kwenye uchaguzi, akapingwa kwa sababu ya jinsia yake, akashinda. Watu wake walikuwa wamesahau kwamba zamani wanawake walikaa barazani. Mwaka 2022 sura yake iliwekwa kwenye sarafu ya senti 25, na pembeni yake jina la Taifa la Cherokee kwa herufi za Sequoyah. Noti ya dola 20 bado ina sura ya Andrew Jackson.

Waliotembea bila kuhesabiwa

Makala nyingi za kuwasifu Wacherokee huliruka jambo hili, nasi wasomaji wa Afrika hatupaswi kuliruka. Wacherokee matajiri walimiliki watumwa Waafrika. Waliwachukua kwenye Njia ya Machozi, hivyo miongoni mwa waliotembea na kufa njiani walikuwemo watu waliotoka upande wetu wa bahari. Taifa la Cherokee lilifuta utumwa mwaka 1863, na mkataba wa mwaka 1866 na Marekani ukasema walioachwa huru na vizazi vyao watakuwa na haki zote za Wacherokee wa kuzaliwa.

Kisha ikaja Orodha ya Dawes. Makarani walimtazama mtu usoni. Aliyeonekana mweusi waliandika jina lake kwenye daftari la walioachwa huru, hata kama mama au baba yake alikuwa Mcherokee. Alama hiyo ya karani ilikaa karne nzima. Mwaka 2007 wapigakura wa Taifa la Cherokee waliamua uraia uwe wa wenye "damu" tu, na maelfu wa vizazi vile wakaambiwa si wenzao. Kesi zilisota mahakamani kwa miaka kumi. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho aliamua kwamba mkataba wa 1866 una maana ileile iliyoandikwa, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Cherokee yenyewe ikafuta neno "kwa damu" katika katiba. Mwaka huohuo Marilyn Vann, aliyepigania haki hiyo miaka mingi, akawa wa kwanza katika vizazi hivyo kuteuliwa kwenye nafasi ya serikali ya Cherokee.

Sisi wa pwani tunaijua sauti hiyo. Zanzibar ilifuta utumwa kisheria mwaka 1897, na bado wajukuu waliendelea kuulizwa, wewe ni wa nani? Ndiyo maana nauona uamuzi wa 2021 kuwa miongoni mwa mambo makubwa ambayo Wacherokee wameionyesha Marekani. Kati ya mataifa matano yaliyofungwa na mikataba ya 1866, lao lilitangulia kuufungua mlango wote.

Kasino na hospitali

Uvumi mwingine unaosambaa ni kwamba wenyeji wa asili hawalipi kodi na kila mwezi hupokea hela za kasino. Kodi ya mapato ya shirikisho wanalipa. Kuhusu kasino, inategemea serikali gani. Eastern Band huwagawia raia wake sehemu ya faida. Taifa la Cherokee la Oklahoma haligawi. Faida ya kasino, hoteli na kampuni zake nyingine hubaki kwenye biashara au huenda kwenye huduma. Mwaka 2019 lilifungua Tahlequah kituo cha tiba kikubwa kuliko vyote vinavyoendeshwa na wenyeji wa asili kwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka 2020 pembeni yake kikaanza chuo cha udaktari kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, cha kwanza cha aina hiyo kwenye ardhi ya wenyeji wa asili, na madaktari wa kwanza wakahitimu 2024. Wanafunzi si Wacherokee peke yao. Lengo ni kupata madaktari watakaokubali kukaa vijijini, tatizo ambalo hatuhitaji kuelezwa. Asilimia 38 ya mapato ya zile namba za magari huenda kwa shule za umma za eneo hilo, na mtoto wa jirani mzungu anafaidi sawasawa.

Wasemaji

Pamoja na simu na kibodi, Kicherokee kinafifia. Vizazi vya shule za bweni, ambako mtoto aliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama yake, viliacha wazazi walioogopa kuwafundisha watoto wao. Wasemaji wa kuzaliwa nayo wanakadiriwa kuwa wasiozidi 2,000, wengi wao wazee, na mwaka 2019 serikali zote tatu za Wacherokee zilitangaza kwa pamoja kwamba lugha iko katika hali ya hatari. Corona ilipokuja, Taifa la Cherokee liliwaweka wasemaji hao miongoni mwa watu wa mbele kabisa kupata chanjo.

Watoto wanasomeshwa kwa Kicherokee tangu chekechea. Watu wazima huajiriwa, tena kwa mshahara, kukaa na wazee saa 40 kwa wiki kwa miaka miwili, kazi yao ikiwa kujifunza kuzungumza tu. Mwaka 2022 kilifunguliwa Tahlequah kituo cha lugha chenye jina la Durbin Feeling, aliyepigana Vietnam, akarudi nyumbani na kutoa kamusi ya Kicherokee mwaka 1975.

Na mwaka 2019 walianzisha daftari jingine. Lile la Dawes liliandikwa na makarani wa Washington ili ardhi igawanywe na taifa life. Hili ni la wasemaji wa Kicherokee, na wazee waliitwa waje waandike majina yao wenyewe.